Mchangiaji Kabla ya Mgonjwa: Miaka 80 ya Huduma ya Damu ya Uingereza

Oktoba 1921 simu ililia katika tawi la Msalaba Mwekundu la Camberwell, kusini mwa London. Hospitali ya King's College, iliyo jirani, ilikuwa na mgonjwa mahututi na haikuwa na mtu wa kumtolea damu. Habari ikamfikia katibu wa tawi, Percy Lane Oliver, mtumishi wa manispaa mwenye umri wa miaka 43 ambaye hakuwa daktari wala muuguzi. Akakusanya wenzake kadhaa, wakaongozana hadi hospitali, wakapimwa. Damu iliyopatana na ya mgonjwa ilikuwa ya muuguzi mmoja wa Msalaba Mwekundu, Linstead, naye akatolewa damu papo hapo.

Habari ingeweza kuishia hapo, kama zilivyoishia habari nyingi za namna hiyo. Oliver hakuiacha. Kutokana na simu ile likazaliwa daftari la wachangiaji wa kujitolea, na kutokana na daftari hilo ikaja kuzaliwa huduma ya taifa, iliyoanza rasmi tarehe 26 Septemba 1946 na ambayo mwaka 2026 inatimiza miaka 80.

Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu hahitaji kusimuliwa sana jinsi London ilivyokuwa wakati ule. Mgonjwa akihitaji damu, waliosakwa kwanza ni jamaa zake: mume, kaka, shemeji. Wasipopatana naye, hospitali iligeukia wanafunzi wa udaktari, au mtu wa mtaani aliyekubali kulipwa. Elimu yenyewe ilikuwepo. Karl Landsteiner wa Vienna alikuwa ameyatambua makundi ya damu mwaka 1901, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia madaktari walishazoea kuitia damu sitireti ili isigande. Kilichokosekana ni mtu wa kuletwa saa hiyo hiyo, ambaye kundi lake linajulikana na afya yake imekaguliwa kabla mgonjwa hajaanguka.

Pengo hilo lilizibwa kwa ukarani. Oliver, mzaliwa wa St Ives huko Cornwall, alianza kazi akiwa kijana katika maktaba za Camberwell kabla ya kuhamia ukumbi wa manispaa, na ni vigumu kutouona mkono wa mkutubi katika alichokifanya. Yeye na mkewe, Ethel, waliandikisha watu waliokuwa tayari kuitwa wakati wowote, wakahakikisha wamepimwa kundi la damu na kaswende, kisha kila mmoja akafunguliwa kadi. Hospitali ikipiga simu, kadi inavutwa, mwenye kadi anatafutwa, anakwenda mwenyewe hadi kando ya kitanda cha mgonjwa. Ofisi ilikuwa nyumba yao na simu ilikuwa yao, usiku na mchana.

Mwanzoni wachangiaji walikuwa wachache mno, na mwaka 1922 simu zilizoingia zilikuwa za kuhesabika. Kufikia 1925 zilikuwa zimevuka 400 kwa mwaka. Mwaka uliofuata Msalaba Mwekundu wa Uingereza ukaichukua huduma hiyo rasmi chini ya mwavuli wake, ingawa kazi iliendelea kufanywa na mume na mke wale wale. Baadaye walihamia nyumba kubwa zaidi, namba 5 Colyton Road, Peckham Rye, ambayo leo ina kibao cha kumbukumbu ukutani.

Oliver alikuwa mkali kwa hospitali kuliko kwa wachangiaji. Siku zile madaktari wengi walizoea kupasua ngozi kwa kisu na kuufunua mshipa ili damu itoke kwa wingi. Mchangiaji alibaki na kovu, na mshipa ule mara nyingi haukufaa tena. Oliver alishinikiza itumike sindano. Alikataa malipo kwa wachangiaji, akataka pia wapewe muda wa kupumzika na waheshimiwe na wauguzi wa zamu. Hapa alikuwa ameona jambo ambalo madaktari wakubwa hawakulitilia maanani: aliyetolewa damu leo atahitajika tena baada ya miezi michache, na ukimuudhi mara moja umezipoteza chupa zote ambazo angezitoa maishani mwake. Mshauri wake wa kitabibu alikuwa Geoffrey Keynes, daktari wa upasuaji, mdogo wake mwanauchumi John Maynard Keynes; Geoffrey ndiye aliyeandika mwaka 1922 kitabu cha kwanza cha Kiingereza kilichochapwa Uingereza kuhusu kuongezea watu damu.

Watu wenyewe walitoka wapi? Oliver hakubandika matangazo akasubiri. Alizunguka akitoa mihadhara, akaenda palipokuwa na makundi ya watu waliokwisha kufungamana kwa ahadi fulani. Skauti wakubwa, wale walioitwa Rover, waliitikia kwa wingi. Wanachama wa Toc H, chama cha Kikristo kilichoanzia nyuma ya uwanja wa vita huko Ubelgiji, waliitikia vilevile. Walikuwa vijana, wenye afya, na wenye viongozi ambao ungeweza kuwapigia simu saa nane za usiku bila kutukanwa. Hadi leo watafutaji wa wachangiaji, iwe Manchester au Morogoro, huanzia hapo hapo: kanisani, msikitini, chuoni, kiwandani, penye mtu mmoja anayesikilizwa na wengine.

Mtindo wa kadi na simu ulikuwa na kikomo chake. Ulimtaka mchangiaji mmoja aliye hai na miguu yake kwa kila mgonjwa mmoja. Mji ukipigwa mabomu na majeruhi wakawa 500 kwa usiku mmoja, hakuna mke na mume watakaoweza kupiga simu kiasi hicho.

Jibu lilitoka Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1936, daktari Federico Duran-Jordà wa Barcelona alianza kukusanya damu kutoka kwa raia, kuihifadhi baridini kwenye vyombo vya kioo na kuipeleka mstari wa mbele kwa magari. Jamhuri iliposhindwa alikimbilia London mapema 1939. Huko alikutana na mwanamke aliyekuwa tayari anayafuatilia yale aliyoyafanya, Dakta Janet Vaughan wa Hospitali ya Hammersmith.

Vaughan anastahili aya zaidi ya moja. Wakati wa hofu ya vita ya mwaka 1938, kabla serikali haijaamua lolote, alikuwa ameshaanza kutafuta mirija ya mpira na chupa na kuhifadhi damu. Mwaka uliofuata aliwaalika wenzake nyumbani kwake, wakakaa kupanga London itapataje damu vita vikianza. Mpango wao ulikuwa rahisi kusimulia na mgumu kutekeleza: bohari 4 kuuzunguka mji, mbali kidogo na mabomu yatakakoanguka, katika miji ya Slough, Luton, Sutton na Maidstone. Baraza la Utafiti wa Tiba likaukubali. Vaughan akakabidhiwa Slough.

Vifaa vilikuwa vya kuokoteza. Chupa ilitokana na ile ya maziwa, ikarekebishwa na kubanwa kiunoni ili ishikike vizuri. Magari ya kusambazia yalikuwa ya kampuni za aiskrimu, kwa sababu yalikuwa na ubaridi tayari na vita vilikuwa vimeyakosesha kazi. Madereva wengi walikuwa wanawake, na ndio waliopeleka chupa hospitalini katika miezi ya mashambulizi ya anga, kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941, wakiendesha bila taa kwenye barabara zilizojaa vifusi. Vaughan na madaktari wake nao waliingia hospitalini kuwatia majeruhi damu, na uzoefu ukawaonyesha kwamba majeruhi walihitaji damu nyingi kuliko vitabu vilivyosema, tena upesi zaidi.

Katika bohari ya Sutton, John Loutit na Patrick Mollison walifanya kazi ambayo wasomaji wachache wameisikia. Mwaka 1943 walitoa mchanganyiko wa asidi ya sitriki, sitireti na sukari ya glukosi ulioiwezesha damu kukaa hadi siku 21. Siku 21 zina maana kubwa kwa mtunza ghala. Kabla ya hapo alikuwa akiikimbiza damu isiharibike. Sasa aliweza kupanga: nani atolewe wiki hii, mzigo uende wapi wiki ijayo. Upande wa jeshi, bohari kuu ilikuwa Bristol chini ya Lionel Whitby, na majeshi yalipotua Normandia Juni 1944 damu ilivushwa kutoka Uingereza kuyafuata. Oliver hakuiona siku hiyo. Alifariki Aprili mwaka huo huo.

Vita vilipokwisha kulikuwa na wachangiaji, bohari, magari, wataalamu na mazoea. Serikali ingeweza kuvunja kila kitu na kuzirudisha hospitali kwa ndugu wa mgonjwa. Badala yake, Septemba 1946 Wizara ya Afya ikaviweka pamoja kuwa Huduma ya Taifa ya Kuongezea Damu kwa Uingereza na Wales, yenye vituo vya kanda. Uskoti ilikuwa na yake. Ni jambo la kuzingatia kwamba huduma ya damu ilitangulia Huduma ya Afya ya Taifa, NHS, iliyozinduliwa tarehe 5 Julai 1948. Matibabu ya bure yalipoanza, damu ya bure ilikuwa imeshawasubiri wagonjwa kwa karibu miaka 2.

Miongo iliyofuata ilikuwa ya kumbi za vijiji. Timu ya kanda ilifika asubuhi na lori, ikashusha vitanda vya kukunja, ikavipanga katika ukumbi wa kanisa au bwalo la kiwanda, na jioni ikaondoka na kreti za chupa. Mchangiaji alichomwa kidole, tone la damu likadondoshwa kwenye kimiminika cha buluu cha salfeti ya shaba. Likizama upesi, damu ina chuma cha kutosha. Likielea, anashukuriwa na kurudishwa nyumbani. Waliopita walilala, wakatolewa, kisha wakaketishwa mezani kwa kikombe cha chai na biskuti. Hiyo chai imekuwa maarufu kuliko huduma yenyewe, na haikuwekwa kwa ukarimu tu: inamlazimu mtu akae dakika kadhaa machoni pa muuguzi, asije akaanguka barabarani.

Kwamba jambo hili lilizama katika maisha ya kawaida kunaonekana katika runinga. Juni 1961 BBC ilirusha kichekesho cha Tony Hancock kuhusu mtu anayejiona shujaa wa kuchangia, halafu anagwaya akiambiwa kiasi watakachomtoa. Watu huchekeshwa na kile wanachokijua.

Mwaka 1970 mwanazuoni Richard Titmuss alichapisha kitabu The Gift Relationship, akilinganisha Uingereza isiyolipa wachangiaji na Marekani, ambako sehemu kubwa ya damu ilinunuliwa. Hoja yake ilikuwa ya kibinadamu, lakini ilikuwa pia ya kitabibu: anayeuza damu kwa sababu ana njaa ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Mwaka 1975 Baraza la Afya la Dunia lilizihimiza nchi wanachama kujenga huduma za taifa zinazotegemea wachangiaji wasiolipwa. Azimio hilo lilichukua muda kufika kwetu. Kenya ilijenga huduma yake ya taifa baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, kuonyesha jinsi hospitali zilivyokuwa hazina akiba ya kutegemea. Tanzania ilianza Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, na vituo vya kanda katika miji kama Dar es Salaam, Mwanza, Moshi na Mbeya. Nchi zote 2 ziliwategemea sana wanafunzi wa sekondari, na zote zinajua kinachotokea shule zikifungwa.

Uingereza ilisifiwa na Titmuss wakati ambapo mlango wa nyuma ulikuwa unafunguliwa.

Wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi ipasavyo, walikuwa wakitibiwa kwa protini inayotolewa katika maji ya damu, yaani plazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikapatikana dawa ya unga, Faktari VIII iliyokolezwa, ambayo mgonjwa angeweza kujidunga nyumbani. Ilikuwa faraja kubwa. Lakini kuitengeneza kulihitaji plazima nyingi kuliko ambayo wachangiaji wa Uingereza walitoa, na kiwanda cha taifa cha Elstree, kaskazini mwa London, hakikuwa na uwezo. Kuanzia 1973 nchi ikaagiza kutoka Marekani. Huko plazima ilinunuliwa kwa maskini, watumiaji wa dawa za kulevya na wafungwa magerezani, na ya watu maelfu ilichanganywa katika pipa moja. Mmoja akiwa mgonjwa, pipa zima limeingia ugonjwa. Mwaka 1975 waziri David Owen aliahidi fedha ili nchi ijitosheleze. Haikujitosheleza.

Matokeo yake yaliandikwa na Uchunguzi wa Damu Yenye Maambukizi ulioongozwa na Sir Brian Langstaff, ambao ripoti yake ilitoka tarehe 20 Mei 2024. Zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa VVU au homa ya ini, wengine kupitia dawa zile na wengi zaidi kupitia damu waliyoongezewa hospitalini baada ya kujifungua, ajali au upasuaji. Wapatao 3,000 wamekufa. Katika wagonjwa wa hemofilia, karibu 1,250 walipata VVU, na kati yao watoto walikuwa 380 hivi. Langstaff alihitimisha kwamba sehemu kubwa ya maafa hayo ingeepukika, na kwamba ukweli ulifichwa na serikali na NHS kwa miaka mingi.

Taasisi inayosherehekea haiwezi kuiruka sura hiyo, na katika historia ya damu ya Uingereza ndiyo yenye mafunzo mengi kwa wahasibu na mawaziri. Upimaji wa VVU kwa kila mfuko wa damu ulianza Oktoba 1985. Upimaji wa homa ya ini aina C ulianza Septemba 1991, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Ufaransa. Ukifuata uzi hadi mwanzo wake, unakuta hesabu ndogo isiyofanywa kwa wakati: plazima kiasi gani inahitajika, wachangiaji wangapi wataitoa, nani atagharamia kiwanda. Wagonjwa walikuwepo, wakihesabika kwa majina. Wachangiaji wao hawakuandaliwa.

Mara jeraha hilo lilipoanza kufungwa, likaja jingine. Mwaka 1996 uligunduliwa kwa binadamu ugonjwa wa ubongo uliohusishwa na kichaa cha ng'ombe, na hakuna aliyejua Waingereza wangapi walikuwa nao kimyakimya. Chembe nyeupe zikaanza kuchujwa katika kila mfuko. Plazima ya Waingereza ikapigwa marufuku kutengenezea dawa, na nchi ikarudi kununua nje, safari hii kwa vipimo na njia za kuua virusi ambazo hazikuwepo miaka ya 1970. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa Februari 2021. Sasa kuna vituo vya kutolea plazima peke yake Birmingham, Reading na Twickenham.

Kiutawala huduma imebadilishwa jina mara kadhaa. Vituo vya kanda viliwekwa chini ya Mamlaka ya Taifa ya Damu iliyoundwa 1993, na Oktoba 2005 mamlaka hiyo ikaunganishwa na idara ya upandikizaji wa viungo kuwa NHS Blood and Transplant, ambayo kwa upande wa damu inahudumia Uingereza yenyewe, bila Wales, Uskoti wala Ireland Kaskazini. Wengi wa wachangiaji hawakuyajua mabadiliko hayo. Waliona tu kwamba kumbi za vijiji zinapungua na vituo vya mijini vinaongezeka.

Kituo kikubwa cha kuandalia damu kiko Filton, pembeni ya Bristol, mji ule ule wa bohari ya jeshi. Mfuko wenye mililita 470 unafika hapo usiku. Kwanza huchujwa, kisha huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi vilivyomo vijitenge: chembe nyekundu nzito chini, plazima ya rangi ya manjano juu. Chembe nyekundu huwekwa kwenye nyuzi joto 4 hivi, na zina siku 35 za kuishi. Chembe sahani, zinazozuia mtu asivuje damu, hazitaki baridi: hukaa kwenye joto la chumba, juu ya rafu zinazotikisika bila kukoma zisije zikagandamana, na muda wao ni siku 7 tu. Plazima iliyogandishwa inaweza kukaa miaka 3. Wakati huohuo vichupa vya sampuli vinapimwa VVU, homa ya ini aina B, C na E, na kaswende. Hospitali zinazopokea mzigo hulipia gharama ya kazi yote hiyo, ingawa mchangiaji hakulipwa hata senti.

Kwa mwaka hospitali hizo hupokea mifuko takriban milioni 1.4, kutoka kwa wachangiaji wapatao 800,000. Mwanamume huruhusiwa kurudi baada ya wiki 12, mwanamke baada ya wiki 16. Kadi za karatasi zimekuwa programu ya simu, na siku damu yake inapopelekwa hospitali, mchangiaji hutumiwa ujumbe unaomtajia hospitali hiyo. Oliver angeupenda ujumbe huo.

Oktoba 2022 huduma ilitangaza kwa mara ya kwanza katika historia yake tahadhari ya rangi ya kaharabu, ikiziomba hospitali ziahirishe upasuaji unaoweza kusubiri. Watu walidhani Waingereza wamechoka kuchangia. Sababu kubwa ilikuwa nyingine: wafanyakazi wa kuwatoa damu hawakutosha, na tangu janga la korona watu wengi walikuwa wakifanya kazi nyumbani, kwa hiyo nafasi za vituo vya katikati ya mji zilikosa wa kuzijaza. Unaweza kuwa na majina laki kadhaa kwenye orodha na bado ukashindwa kuwalaza kitandani.

Tahadhari ya pili, Julai 2024, ilikuwa ya ajabu zaidi. Tarehe 3 Juni wahalifu wa mtandao waliivamia mifumo ya Synnovis, kampuni inayoendesha maabara za hospitali kadhaa za London, King's College ikiwemo. Hospitali ile iliyompigia simu Oliver ikajikuta, miaka 103 baadaye, haiwezi kuoanisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kwa kasi ya kawaida. Ilipokuwa haiwezi kusubiri, ilimpa mgonjwa O hasi, kundi linaloweza kupewa karibu kila mtu. Wenye O hasi ni kama asilimia 8 tu ya watu, na hata siku za amani hospitali huagiza kundi hilo kwa kiwango karibu maradufu ya hicho. Wiki chache zilitosha kulikausha.

O hasi ina matatizo mengine, na hapa ndipo historia hii inapowafikia Waafrika waishio Uingereza, Waswahili wakiwemo. Uingereza ina wagonjwa wa selimundu wapatao 17,000, wengi wao wenye asili ya Afrika na Karibea. Ni ugonjwa tunaoufahamu: Tanzania pekee inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mgonjwa anayeongezewa damu mara kwa mara huanza kutengeneza kinga dhidi ya damu ya wengine, ndiyo maana inabidi atafutiwe iliyo karibu kabisa na yake. Mara nyingi hiyo ni ya aina ndogo ya kundi la damu la Rh, iitwayo Ro. Huduma inasema zaidi ya nusu ya watu weusi wanayo, ikilinganishwa na asilimia 2 hivi ya watu weupe. Inapokosekana, mgonjwa hupewa damu hasi badala yake, akiba ya damu hasi inazidi kupungua, na hatari ya mwili wake kuikataa inabaki.

Kwa hiyo wanaotafutwa sana leo ni watu ambao kwa muda mrefu huduma iliwafungia mlango kwa maswali yake. Hadi mwishoni mwa 2021, mchangiaji aliulizwa kama mwenzi wake aliwahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi katika sehemu ambako VVU vimeenea sana, yaani sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Akijibu ndiyo alisimamishwa miezi 3 tangu walipokutana kimwili mara ya mwisho. Kwa hiyo mke aliyeolewa na mtu wa namna hiyo alikuwa kama amezuiwa muda wote wa ndoa, hata iwe na miaka 20 ya uaminifu. Swali hilo limeondolewa. Lile la malaria limebaki, na lina sababu yake: aliyetoka likizo Tanga au Zanzibar husubiri miezi 4, na aliyekulia huko hupimwa kwanza damu yake ili ijulikane kama ana dalili za kuwahi kuambukizwa.

Mwishoni mwa 2024 kituo kipya cha kudumu kilifunguliwa Brixton, katikati ya jamii kubwa ya watu wenye asili ya Karibea na Afrika. Watafutaji wake wanakwenda makanisani, kwenye saluni na vyuoni, na wanaongozana na wagonjwa wa selimundu wenyewe, ambao huzungumza vizuri kuliko bango lolote. Atakayegundulika kuwa na Ro huwekewa alama kwenye orodha, na huweza kupigiwa simu mwenyewe pale damu ya aina yake inapohitajika. Mgonjwa wa selimundu aliye katika utaratibu wa kubadilishiwa damu hurudi hospitali kila baada ya wiki 4 hadi 8, na kwa kikao kimoja anaweza kuhitaji mifuko hadi 10, kila mmoja kutoka kwa mtu tofauti.